Mjerumani Aliyetoroka Lugalo

Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani, hakutoka Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 aliingia pale na askari wake, mizinga yake na wapagazi wake, akawakuta Wahehe wamejilaza majanini wanamsubiri, na habari yake ikaishia hapo. Mnara upo mpaka leo kando ya barabara ya kwenda Morogoro, ukipita na basi uangalie. Mimi nilikuwa Zelewski mwaka juzi, na nilitoka. Tena nilitoka mbio.

Nauza duka la vifaa vya ujenzi hapa Iringa mjini: misumari, mabomba, rangi, nyundo, vitu hivyo. Jumamosi mchana nikishafunga, nilikuwa na kawaida ya kupita kwenye makumbusho fulani madogo ambako kila mwezi huwa na siku ya wananchi. Nisijifanye msomi, kilichonipeleka mara ya kwanza ni chai na maandazi ya bure. Lakini ukikaa mahali unaanza kupapenda. Siku moja kinamama wanafundisha kusuka vikapu vya milulu, siku nyingine wazee wanasimulia habari za Kalenga na fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilivyorudishwa mwaka 1954. Mwezi wa zana za mawe za Isimila, watoto waliambiwa kila mmoja alete jiwe analodhani binadamu aliwahi kulitumia. Mmoja akaleta lile ambalo bibi yake anasugulia miguu. Bibi akaja kulidai kabla programu haijaisha.

Basi ikafika Agosti, na dada mratibu akatangaza kwamba safari hii hakuna kukaa kwenye viti kusikiliza. Watoto wa darasa la sita wa shule ya jirani wataigiza vita ya Lugalo, uwanjani kwao, mbele ya mgeni rasmi. Wahehe walipatikana ndani ya dakika moja. Darasa zima lilikuwa Wahehe, pamoja na Mkinga mmoja na yule mtoto wa Moshi. Askari wa Kijerumani wakapatikana wanne kwa kuahidiwa soda. Zelewski ndiyo akakosekana.

"Anatakiwa mtu mzima," akasema dada mratibu, "mwenye tumbo kidogo."

Nilikuwa natafuna andazi. Nilipoinua uso nikakuta wote wananiangalia.

Ningeweza kukataa, lakini yule mzee mshauri wao alishaanza kunisifia. Ni mwalimu mstaafu, anaijua vita ile kama mtu anavyoijua njia ya kwake. Akanieleza kwamba jamaa yangu alikuja akichoma vijiji njiani, kwamba wenyeji walimpa jina la Nyundo, na kwamba inasimuliwa aliyemmaliza kwa mkuki alikuwa kijana wa miaka kama 16 tu. "Sasa muhimu," akasema, akanishika mkono, "alikuwa amepanda punda."

"Mwalimu, si naweza tu kutembea?"

"Ukitembea kwa miguu, hiyo itakuwa vita nyingine."

Punda akatafutwa. Mwenyewe, mzee mmoja wa huku mtaani, alimleta Jumamosi ile asubuhi akiwa na gunia limekunjwa mgongoni badala ya tandiko. Punda jike, jina lake Subira. Nikauliza kama hapigi mateke. "Huyu?" mzee akacheka. "Huyu hana neno. Hata kuongozwa haongozwi, njia zake zote anazijua mwenyewe." Nilifurahi kusikia hivyo. Ningekuwa na akili ningeuliza njia zenyewe zinaelekea wapi.

Walinivalisha koti la mlinzi wa usiku, lenye vifungo vya shaba. Kofia ilikuwa nusu ya kibuyu, nimekipaka mwenyewe rangi nyeupe ya mafuta ya dukani kwangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Agosti ya Iringa mnaijua. Kwa baridi ile rangi haikauki upesi, na nilipoivaa niliisikia inakamata nywele. Mzinga ulikuwa bomba la inchi nne juu ya toroli. Uso sasa. Dada mratibu akanipaka mafuta ya mgando, halafu akanipuliza unga wa sembe mpaka nikapiga chafya. Nikajitazama kwenye kioo cha bodaboda. Sikufanana na Mjerumani. Nilifanana na andazi ambalo halijakaangwa.

Aliyependa ule unga ni Subira. Nilipomsogelea tu akanilamba kuanzia kidevuni hadi sikioni, ulimi kama msasa namba arobaini, ikabidi nipakwe upya. Nikapakwa, akanilamba tena. Mara ya tatu walinipandisha kwanza mgongoni ndipo wakanimwagia unga nikiwa huko juu, na mwingine ukamwagikia shingoni kwake. Akawa anageuza kichwa kuniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa na mnyama.

Mpango ulikuwa rahisi. Mimi na askari wangu wanne tunaingia uwanjani polepole kutoka upande wa lango, na Wahehe wamejificha nyuma ya ua wa michongoma. Tukifika katikati, mbele ya turubai la mgeni rasmi, dada mratibu anapiga debe mara moja, Wahehe wanatoka. Kijana wa mkuki ananichoma mgongoni, nadondoka taratibu juu ya godoro lililofunikwa majani. Mwalimu mstaafu anachukua kipaza sauti anaeleza. Watu wanapiga makofi. Pilau.

Kijana wa mkuki alipatikana kwa kura, na kura ilimwangukia kabinti kadogo kuliko wote, kenye sauti kubwa kuliko wote. Mkuki wake ulikuwa mwanzi uliofungwa kitambaa nchani. Asubuhi nzima alikuwa akinifuata nyuma akifanya mazoezi kwenye kiuno changu. "Anko, nikikuchoma usichelewe kufa," aliniambia. "Kwenye mazoezi jana ulichelewa."

Sasa kuna jambo mwalimu mstaafu hupenda kulieleza kuhusu vita ile. Inasimuliwa kwamba Wahehe walikuwa wamepeana ishara ya mlio wa bunduki, na kwamba afisa mmoja wa Kijerumani asiyejua kitu akafyatua risasi kumlenga ndege, Wahehe wakadhani ndiyo ishara yenyewe, wakainuka. Siku zote nilikuwa naisikiliza hadithi hiyo nikisema moyoni, Wazungu nao, ndege wa nini asubuhi yote hiyo.

Tulikuwa hata hatujalimaliza lango vizuri. Nyuma yetu barabarani ikapita bodaboda, ile ya ekzosi iliyotobolewa makusudi, ikapiga: pwaa!

Darasa la sita likainuka.

Walitoka wote kwa pamoja na ile kelele waliyofundishwa wiki mbili, vumbi jekundu limetimka, mianzi juu. Askari wangu wanne waliacha toroli na mzinga wakakimbilia kwenye soda. Nami nikajiandaa kufa pale pale, maana muigizaji mzuri anajirekebisha, nikafungua mikono, nikageuza mgongo. Subira naye akageuka. Aliangalia wale watoto arobaini wenye fimbo, akaangalia lango lililo wazi, na nadhani akanusa tena ule unga uliokuwa shingoni kwake. Siku yenyewe Jumamosi. Saa nne. Na Jumamosi saa nne, kwa miaka yote ya kazi yake, Subira anakuwa anakwenda mashine.

Mtu ambaye hajawahi kupanda punda anafikiri punda hana mbio. Ana mbio, ila huwa hajaona sababu. Tulitoka langoni tukashika mteremko, mimi nimekumbatia shingo, kibuyu kimenifunika macho na hakivuliki kwa sababu ya rangi. Niliweza kuona chini tu: mtaro, viatu vya watu, beseni la nyanya ambalo Subira, namshukuru, alilikwepa. Nyuma nasikia Wahehe. Nilitegemea wataishia langoni, wana mwalimu wao, wana mgeni rasmi. Wapi! Juu ya sauti zote nasikia ile moja:

"Ankoo! Simama ufeee!"

Bodaboda walioegesha kijiweni wakasimama kushangilia, sijui upande gani. Mtu mmoja akauliza ni nini, mwenzake akamjibu, "Mwizi wa punda." Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kikwelikweli. Kufa kama Zelewski nilikuwa nimekubali. Kufa kama mwizi wa punda, Jumamosi, nimepakwa sembe, hapana.

Subira alisimama ghafla kama alivyoondoka. Mimi sikusimama. Nilipita juu ya masikio yake nikatua kwenye rundo la magunia ya pumba, na kishindo kile ndicho kilichoninasua kibuyu, na nywele kiasi. Nilipofungua macho nilikuwa mlangoni pa mashine ya kusaga, mbele ya foleni ya kinamama kama kumi na ndoo zao za mahindi. Mama wa kwanza akanitazama kuanzia vifungo vya shaba hadi usoni, taratibu, kama anayekagua mahindi kama yana wadudu.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, mama."

"Mwisho wa foleni ni kule."

Kabla sijaeleza, mashine ikazimwa, na mwendesha mashine akatoka kuona zogo ni la nini. Alikuwa mweupe kuliko mimi. Unga nywele, unga nyusi, unga hadi kwenye kope, na koti la kazi refu. Tukatazamana pale mlangoni, Wajerumani wawili. Wakati huo huo Wahehe wakamiminika kutoka kwenye mteremko, kabinti mbele na mwanzi wake, anahema, macho yamemtoka. Akasita. Akamwangalia yeye, akaniangalia mimi. Akachagua mweupe zaidi.

"Kufa!"

"Mimi nasaga tu!" akapiga kelele yule bwana, ameshika mbavu. "Jamani mimi nasaga tu!"

Watoto wengine walishamzunguka. Ilibidi ninyooshe mkono kutoka kwenye pumba niseme mimi ndiye, mimi ndiye Zelewski, mwacheni mtu wa watu. Kabinti akaja, akanikagua, akanichoma mgongoni mara mbili, kwa kuchelewa. Nikafa. Nilikufa vizuri sana, nadhani ndicho kifo changu bora, kwa sababu kwa kweli sikuwa na nguvu ya kuinuka. Kinamama wa foleni wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Subira alikuwa kichwa chote ndani ya gunia.

Nimelala pale kama maiti, nikasikia fimbo inagonga mawe. Mwalimu mstaafu alikuwa ametembea mteremko wote, na nyuma yake dada mratibu, mgeni rasmi na nusu ya wageni, wengine na sahani za pilau mkononi maana wapishi walishaanza kugawa. Akasimama juu yangu.

"Umekufa wapi?" akauliza.

"Mashineni, mwalimu."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mahali umekosa," akasema. "Lakini ishara imetoka kabla ya wakati, na aliyekuua ni mdogo. Hayo umeyapata." Akageuka, akachukua kipaza sauti, akatoa maelezo yake yote pale pale kwenye foleni, tangu Lugalo hadi ngome ya Kalenga ilivyoanguka Oktoba 1894, na hakuna aliyesaga hata kisado mpaka alipomaliza. Yule mama wa kwanza aliuliza maswali matatu, na moja mwalimu aliomba muda akalifikirie. Mgeni rasmi alisema hajawahi kuhudhuria programu iliyofika kwa wananchi namna ile. Sikujua kama anatusifu au anatusema, na sikuinuka kumuuliza.

Jioni mwenye punda alinifuata dukani na hesabu: kukodi punda, pumba alizokula, na nauli ya kunifikisha mashine, kwa sababu, alisema, makubaliano yalikuwa uwanjani tu. Nililipa. Nywele nilinyoa zote kwa kinyozi wa jirani, rangi ya mafuta haitoki kwa sabuni. Mwendesha mashine nilimpelekea mkasi wa bati wa bure, na tumekuwa marafiki, ingawa akimwona mtoto na fimbo anaingia ndani.

Shida iliyobaki ni moja. Darasa la sita lilikuwa na watoto arobaini na kitu, na wote wanapita mbele ya duka langu wakienda na wakirudi shule. Mlango ukifunguliwa, nikasikia mtu anaita "Nyundo!", sijui niitikie au nimtajie bei. Juzi ameingia kabinti, siku hizi yuko sekondari, amerefuka.

"Shikamoo, Anko Nyundo."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Baba amenituma nyundo."

Nilimfungia kwenye gazeti. Nilipogeuka kutafuta chenji, niliegemeza mgongo ukutani.