Mlango wa Chini wa Jimu ya Columbia

Ukisimama Morningside Drive, New York, Chuo Kikuu cha Columbia kiko mgongoni mwako na Harlem iko chini kabisa, mbele yako. Katikati ni Morningside Park, bustani ya umma yenye jabali lililosimama kama ukuta. Humo ndimo chuo kilimotaka kujenga jimu, yaani jengo la michezo na mazoezi.

Ukiusikia haraka, mpango unavutia. Harlem ilijaa watu, mahali pa vijana kucheza palikuwa haba, na bustani yenyewe wengi waliiogopa. Chuo kingejenga, wenyeji wapewe sehemu, na baadaye kikaongeza ahadi ya bwawa la kuogelea. Tena humo humo bustanini, tangu miaka ya 1950, kilikuwa na kiwanja ambacho timu za vijana wa mtaani nazo zilikitumia.

Sasa tazama hesabu. Ekari 2.1 za umma zilikodishwa kwa dola 3,000 kwa mwaka, na fungu la wenyeji halikuzidi kama asilimia 15 ya jengo. Wanafunzi wangeingilia juu. Watu wa Harlem, wengi wao weusi, wangeingilia chini kwa mlango wao. Mchoraji angejitetea kwamba jabali ndilo lililoamua, kila mtu apite upande anakoishi. Sawa, lakini mwaka 1968 nani angeuona mlango ule asikumbuke milango mingine, ile iliyotenganisha weusi na weupe? Waandamanaji waliliita jengo “Gym Crow”, kwa kucheza na Jim Crow, jina la utaratibu wa ubaguzi wa kusini mwa Marekani. Na walikuwa wamekwisha kuona chuo kikinunua nyumba za mtaani, wapangaji wakitolewa.

Uchimbaji ulianza Februari 1968. Aprili 23 wanafunzi walishuka wakavamia uzio, kisha wakakalia majengo ya chuo, hasira ya vita vya Vietnam nayo ikiwa imechanganyika humo. Mradi ukafa.

Hapa mimi nasita. Kijana wa Harlem hakupata jimu wala bwawa. Alibaki na shimo kwa miaka ishirini hivi. Columbia ilijijengea jimu ndani ya eneo lake. Kwa hiyo anayesema bora asilimia 15 kuliko kukosa kabisa hasemi upuuzi. Ila mimi naona kosa lilitangulia mlango: chuo na jiji walipatana kwanza kuhusu ardhi, asilimia zikaja kugombewa miaka kadhaa baadaye, kama kiraka. Ilipopanuka tena, safari hii Manhattanville, mtaa wa magharibi mwa Harlem, Columbia ilitia saini mwaka 2009 mkataba wa manufaa kwa wenyeji wa dola milioni 150. Wapo walioendelea kupinga, lakini angalau yaliyoahidiwa yaliandikwa.

Shimo lile, kufikia 1990, lilikuwa limegeuzwa kidimbwi chenye maporomoko madogo ya maji. Leo bata wanaogelea, watu wanakimbia kandokando, wengine wakiteremkia ngazi za juu, wengine wakiingilia Harlem.