Trump kashinda, na kahawa ya baba mdogo je?

Krismasi ya 2024 nilipanda Moshi kuhesabiwa kama Wachaga wengine. Nauli walipandisha kama kawaida yao, sitaki hata kuizungumzia. Nataka kumzungumzia shemeji yangu.

Mbuzi hajaiva, kisusio, supu ya damu ya mbuzi, ndiyo kwanza kinagawiwa, shemeji wa Dar kashaanza kutusomea mwaka 2024. Trump kura 312 za wajumbe, Harris 226. Majimbo yale saba ya ushindani mkali kayabeba yote, na shemeji anayataja moja moja, Pennsylvania, Georgia, Arizona, mpaka Nevada, kama mtu anayetaja watoto wake. Nikamuuliza mwenyekiti wake wa mtaa aliyechaguliwa Novemba 27 anaitwa nani. Eti siku hiyo alikuwa bize.

Akaendelea. Assad wa Syria kakimbilia Moscow. Starmer kaingia madarakani Uingereza. Rais wa Korea Kusini katangaza utawala wa kijeshi usiku, kabla hapajakucha kaufuta. Wazee wanaitikia "eeh!" kila linapotajwa jina, na mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka.

Sawa, nakubali, mwaka ulikuwa na mambo. Botswana chama kilichotawala tangu 1966 kimeangushwa na Rais Masisi akakubali kushindwa kabla hata hesabu haijaisha, jambo ambalo huku kwetu ukilisimulia watu wanadhani ni hadithi ya sungura na fisi. ANC ya Afrika Kusini ikashuka hadi asilimia 40 ikalazimika kutafuta wa kutawala naye. Na vijana wa Nairobi, walioingia bungeni Juni 25, hasira yao ilianzia kwenye muswada uliotaka kutoza kodi hadi mkate. Hapo ndipo nilipotegemea shemeji aingie jikoni kidogo, aseme kwamba wengi walioanguka mwaka ule waliangushwa na bei za vitu. Hakuingia. Akarudi Pennsylvania.

Na mahali alipokuwa amekaa, mgongo wake ulikuwa umeegemea mbuni, mti wa kahawa. Tuko katikati ya kihamba, shamba la nyumbani la Kichaga, kahawa chini ya migomba pande zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeitaja kahawa.

Desemba 10 bei ya kahawa ya arabika pale soko la New York ilipita dola 3.40 kwa ratili. Ilivunja rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1977. Brazil ilipigwa na ukame, Vietnam nao ukame uliwaharibia kahawa yao ya robusta, wanunuzi wakahaha. Yaani tukio la mwaka, kwa mtu yeyote mwenye kihamba kuanzia Rombo mpaka Machame, lilikuwa hilo. Mji ambao mnada wa kahawa wa nchi hii umefanyikia miaka na miaka! Vijiwe vya Moshi mjini mwezi huo vilikuwa vinabishana nini? Nani atakuwa waziri wa Trump.

Kahawa ya baba mdogo iliondoka Septemba. Wakati huo New York ilikuwa haijafika hata dola 3. Alikuwa na deni la dawa za kupulizia na bati la banda la ng'ombe, kwa hiyo alipima, akapewa chake, makato yakakatwa, akaambiwa malipo ya pili yatakuja. Nilimuuliza yamekuja? Akacheka. Baba mdogo akicheka hivyo huwa si kicheko.

Kinachoniuma ni kwamba si mara ya kwanza. Ile ya 1977 ilitokana na baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975. Bei ya ajabu ikaja, na mwaka mmoja tu kabla yake serikali ilikuwa imevunja vyama vikuu vya ushirika, ukiwemo KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanza 1933. Mvua imenyesha, mapipa tumeshauza. Halafu 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unagawa viwango vya kuuza kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na wazee wakaanza kung'oa mibuni wapande mahindi na nyanya. Bei ikishuka taarifa inatufikia siku hiyohiyo. Ikipanda inatukuta tumeshauza.

Umoja wa Ulaya nao walitaka kila shamba la kahawa wanayonunua liwe na alama yake kwenye ramani kuthibitisha halikukatwa msitu baada ya 2020, mwisho wa 2024 wakaisogeza sheria hiyo mwaka mmoja. Mibuni ya baba mdogo aliipanda babu. Haya.

Shemeji angeniambia, na kweli aliniambia, "Sasa hata angejua, angefanyaje? Angeiweka kahawa chini ya kitanda mpaka Desemba?" Ni swali zuri, limenikera kwa sababu ni zuri. Deni halisubiri New York. Lakini angejua, angalau angeuza nusu, nusu akabaki nayo. Angalau angeuliza bei kabla ya kupima. Aliyetakiwa kumwambia ni nani? Simu janja ninayo mimi. Novemba nzima nilikuwa nayo mkononi, nimekesha usiku wa tarehe 5 mpaka macho yakawa mekundu, nahesabu kura za Pennsylvania. Shemeji nilimkasirikia kwa sababu tunafanana.

Mbuzi alipoiva tukaletewa vinywaji. Kwenye kihamba cha kahawa, tukanywa chai.

Kesho yake asubuhi baba mdogo akanionyesha mahali alipong'oa mibuni juzijuzi akapanda mahindi. "Hivi ile miche mipya ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, isiyoshikwa na chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, bado ipo?" Nikamwambia nitakwenda kuulizia, aanze kuchimba mashimo. Ikipandwa masika ya 2025, mavuno ya kwanza ya maana ni mwaka 2028 hivi. Shemeji akahesabu kwa vidole, uso ukamchangamka: Marekani watakuwa wanapiga kura tena.