Shusha Hiyo Tableti, Mzee

Jamani, tumepanda basi alfajiri kutoka Munich, Ujerumani, hadi Salzburg, Austria, kwaya ya shule ya binti yangu iimbe kwenye kanisa kuu, lile lile alimobatizwa Mozart, yule mtunzi wa muziki, mwaka 1756. Nimekaa benchi la tatu, shingo nimeinyoosha kama twiga. Wimbo unaanza tu, mzazi wa mbele yangu huyo, kanyanyua tableti pana kama sinia la pilau! Mwanangu nimemwona kwenye kioo cha mtu, kadogo, tena kajaa ukungu. Na kuba lile halimezi sauti, linairudisha. Basi mlio wa ujumbe wake ukazunguka huko juu kama sauti ya tano juu ya zile nne za kwaya. Aliomba radhi? Thubutu. Kaniuliza kama nina chaja.