Tupimeni na kwa Kiswahili basi

Kuna rafiki yangu daktari saa hizi anasotea Kijerumani usiku na mchana. Anataka kwenda kufanya kazi Ujerumani na kule mbali na vyeti kuna mtihani wa lugha ya kitabibu, wenyewe wanauita Fachsprachprüfung, una sehemu tatu za dakika 20 kila moja: unaanza na mtu anayeigiza mgonjwa, unamhoji na kumweleza, halafu unaandika ripoti yake, halafu unamsimulia daktari mwenzako. Kinachomtoa jasho siyo ripoti wala huyo daktari mwenzake, ni huyo mgonjwa, maana ukimtupia neno la kitaalamu tu anakuuliza "hiyo ni nini dokta?" na kama huwezi kushuka mpaka alipo yeye umekwama. Juzi ananiambia, hivi unajua mimi sijawahi kupimwa hivi kwa Kiswahili? Ni kweli, na mimi sijawahi, na sidhani kama kuna niliyesoma naye aliyewahi.

Wasiojua mambo ya huku ndani, udaktari kwetu Tanzania ni miaka mitano ya chuo na mmoja wa intani, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Tangu ile shule ya udaktari ya Dar es Salaam ianze mwaka 1963, ambayo leo ndiyo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, lugha ya darasani ni Kiingereza, vitabu ni Kiingereza, faili la mgonjwa Kiingereza, raundi ya wodini Kiingereza. Na mimi sina ugomvi na hilo kabisa, wale wanaotaka tutafsiri kila kimeng'enya na kila mshipa wa fahamu nawaheshimu ila siko huko. Ugomvi wangu uko kwenye mtihani. Mtihani wa wodini uko hivi: unapewa mgonjwa, unaongea naye Kiswahili, unampima, kisha anakuja mtahini na wewe unaanza kummwagia Kiingereza, na maksi zote zinatoka kwenye hicho Kiingereza. Yule mgonjwa aliyelala pale haulizwi kitu. Ungekuwa umemtisha, umemkoroga, umemwacha hajui hata anaumwa nini, maadamu umeprezenti vizuri umefaulu.

Na mwanafunzi siyo mjinga jamani, anasoma kinachopimwa.

Matokeo yake ndiyo haya. Niko wodi ya upasuaji ya wanaume (hospitali siitaji), kuna mzee wa sukari ana kidonda cha mguu kimeshaharibika. Raundi imefika, daktari bingwa, marejista (madaktari walio chini yake), maintani, wanafunzi nyuma na vidaftari, tunamzunguka mzee na kujadili mguu wake kwa Kiingereza kirefu tu, ukatwe chini ya goti au juu ya goti, damu inafika wapi, lini. Mzee anaangalia mdomo wa kila anayeongea. Mwisho bingwa anamgusa bega, "Mzee, tutakuona tena kesho, sawa eh?" Mzee anajibu "Sawa dokta, ahsante." Raundi ikasogea. Mimi nilibaki nyuma namalizia kuandika faili, kwa hiyo nikasikia mzee anamuuliza kijana wa kitanda cha pili, aliyevunjika mguu kwenye bodaboda, "Eti wamesemaje?" Na kijana, form four yake imemsaidia, anamjibu, "Mzee, nadhani wamesema mguu wanautoa." Hivyo ndivyo mtu alivyopata habari za mguu wake mwenyewe! Kesho yake watoto wake wakaja wakaomba ruhusa, wakamchukua wakaondoka naye. Kwenye faili ikaandikwa kwamba mgonjwa amekataa matibabu. Amekataa nini sasa wakati hakuna aliyemuuliza?

Watu wakisikia hivi wanadhani tatizo ni msamiati, kwamba Kiswahili hakina maneno. Wala. Mgonjwa wa presha haachi dawa kwa kukosa msamiati, anaacha kwa sababu kichwa hakimuumi tena na hakuna aliyekaa naye dakika mbili kumwambia presha inaweza kuwa juu na wewe ukajisikia poa kabisa. Kuna shangazi yangu alirudi na dawa za kunywa mara mbili kwa siku, kwenye bahasha wamemuandikia saa 8 na saa 8. Aliyeandika alikuwa na saa ya Kizungu kichwani, asubuhi na jioni. Shangazi akaelewa kama Mswahili yeyote, saa 8 mchana na saa 8 usiku, akawa anaweka alamu anaamka usiku wa manane kunywa kidonge. Afadhali masaa 12 yalitimia vilevile, lakini alimtesa sana mume wake na ile alamu.

Hiyo inachekesha, kuna ambayo haichekeshi. Tafiti zilizofanyika Bagamoyo miaka ya 1990 zilikuta wazazi wengi wanaiona degedege kama mambo ya mashetani na siyo malaria, na wengine wakiamini mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, kwa hiyo wanaanza kwa mganga na hospitali wanakuja wamechelewa. Sasa mwanafunzi wetu malaria kali anaijua kuanzia vimelea mpaka dozi, anamwambia mama "mtoto ana malaria kali, tunamchoma sindano" na anashangaa mama anambeba mtoto anatafuta mlango. Mama hajakataa hospitali, anaikimbia sindano, na hofu yake haikuguswa hata kwa sentensi moja. Kuigusa hiyo hofu bila kumdhalilisha mama ni kazi ya kitaalamu kama kutafuta mshipa wa mtoto mchanga, inafundishika, inapimika.

Kenya walipoleta madaktari 100 kutoka Cuba mwaka 2018 mojawapo ya maswali yaliyoulizwa ni wataongeaje na wagonjwa. Swali zuri. Na hata Watanzania wanaosoma udaktari China, darasani wanafundishwa kwa Kiingereza lakini vyuo vingi vinawadai Kichina, ule mtihani wa lugha unaoitwa HSK, ngazi ya 4, kwa sababu wodini wagonjwa ni Wachina. Mgeni anaulizwa kila mahali. Sisi wenyeji tunachukuliwa kwamba tumeshaweza kwa sababu Kiswahili tumekinyonya, wakati ukweli ni kwamba miaka kumi na kitu, sekondari mpaka chuo, mambo ya mwili wa binadamu tumeyafikiri kwa Kiingereza tu.

Halafu hata hicho Kiswahili siyo cha kila mtu. Nenda vijijini Kanda ya Ziwa ukutane na bibi wa Kisukuma, au Manyara huko kwa Wadatoga, utaona wewe na Kiswahili chako cha Dar ndiyo mgeni. Anayetafsiri ni mjukuu wa darasa la tano, na unatakiwa umuulize bibi kama anatokwa na damu ukeni. Hapo mtoto anaona aibu, bibi anaona aibu, jibu linakuja "hapana" na wewe unaandika hapana. Nesi mwenyeji akiwepo mambo yanabadilika palepale, ila huyo nesi ana wodi nzima ya kuangalia na kutafsiri siyo kazi anayolipwa.

Najua nitaambiwa foleni, nitaambiwa daktari mmoja wagonjwa kibao, nani ana muda wa hadithi. Foleni naijua, nimekaa ndani yake. Lakini nusu ya hiyo foleni ni watu wale wale wanaorudi kwa sababu mara ya kwanza hawakuelewa, hilo sina takwimu yake ila kaa OPD, kule wanakotibiwa wagonjwa wa nje, wiki moja uhesabu mwenyewe.

Ninachoomba ni kidogo sana. Kwenye oski, ule mtihani wa kuzunguka vituo, ongezeni kituo kimoja cha Kiswahili mwaka wa tatu na kimoja mwaka wa tano. Mgonjwa asiigizwe na mwanafunzi mwenzake, tafuteni mama ntilie wa pale getini, mlinzi, fundi, mlipeni posho ya siku. Mwanafunzi amweleze ugonjwa na dawa, atoke. Halafu mtahini amuulize yule mama mambo matatu tu: unaumwa nini, dawa utakunywaje, ukiona nini unarudi haraka. Akijibu vizuri, maksi kwa mwanafunzi. Akijikanyaga, mwanafunzi arudie kama anavyorudia anatomia, na mtihani wa marudio ni Septemba kama masomo mengine.