Sigara tumeisikia, sasa tuongelee taa

Kuna klipu inazunguka tena, najua na wewe umeshatumiwa, ya yule jamaa wa kuhamasisha watu anasimulia stori ya Churchill na sigara. Mnaijua. Mpiga picha Yousuf Karsh kasimama mbele ya Waziri Mkuu wa Uingereza, mzee ana lisigara lake mdomoni hataki kulitoa, Karsh anamsogelea, anamwomba radhi, halafu anamchomoa sigara vilevile, mzee anavimba kwa hasira, picha inapigwa, dunia nzima inaijua mpaka leo. Kisha jamaa anatukazia macho: THUBUTU! Na huko chini watu wanaandika amina.

Stori yenyewe ni ya kweli na naipenda. Kinachoniudhi ni ile nusu inayokatwa kila siku, kwa sababu haina msisimko na haiuzi tiketi za semina.

Ni hivi. Ilikuwa tarehe 30 Desemba 1941, bungeni Ottawa, Canada. Karsh alishaingia kwenye chumba cha Spika jana yake jioni, akapanga taa zake na ile kamera kubwa ya filamu za inchi 8 kwa 10. Churchill hakuambiwa chochote. Anatoka kuhutubia bunge, anaingia, taa zinawashwa, anaanza kunguruma nini hiki nini hiki, mwisho anaruhusu picha moja tu. Alichopewa Karsh ni dakika mbili. Sasa mchukue huyo jamaa yetu wa kuthubutu umpe dakika mbili hizo hizo bila ile kazi ya jana yake, athubutu weee, achomoe sigara hata tatu, ataondoka na picha ya mzee mwenye hasira aliyekaa gizani, na pengine na kofi.

Maana sigara ilitoka sekunde ya mwisho kabisa. Wakati huo kila kitu kingine kilishaamuliwa: mzee atasimama wapi, mwanga utampiga kutoka pande zipi, kamera iko umbali gani, ukuta wa mbao uko nyuma yake kiasi gani. Hebu iangalie tena ile picha kwa macho ya fundi. Suti nyeusi, ukuta wenye giza, na bado mtu hajamezwa na ukuta, unaona bega linapoishia. Unadhani hiyo ni hasira ya Churchill ndiyo imefanya? Ni taa hiyo. Na Karsh hakuzaliwa anajua taa, alianza Boston kwa mpiga picha John Garo ambaye alikuwa mtu wa mwanga wa jua, halafu alipofika Ottawa akawa anashinda na watu wa maigizo, na ni kule jukwaani alikoona taa zinavyoweza kumfanya mtu yule yule awe mfalme saa hii na baadaye kidogo awe mwizi. Miaka ya kukodolea macho vivuli ndiyo ilimpa jeuri ya kugusa sigara ya watu.

Na mwanga ndipo watu wengi wanapokwama, wanafikiri kazi yake ni kuonekana tu. Taa ikikaa usawa wa kamera, uso unakuwa bapa kama sahani. Ipandishe juu ya macho kidogo, isogeze pembeni nyuzi kama 45, mara shavu la upande wa pili linapata pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho, ndiyo ile wapiga picha wanaiita kwa jina la mchoraji wa zamani Rembrandt kwa sababu ya michoro yake. Ipandishe sana, macho yanageuka mashimo mawili. Halafu kuna ukubwa wa taa, na hapa watu wanabisha mpaka basi: taa kubwa iliyo karibu inatoa kivuli laini, taa ndogo au iliyo mbali inatoa kivuli kikali chenye ukingo. Jua ni kubwa kuliko vyote lakini liko mbali mno, kwa uso wako ni nukta tu angani, ndiyo maana saa sita mchana unaonekana kama mtu anayedaiwa. Mkalishe mtu huyo huyo karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, weka karatasi nyeupe upande wenye giza irudishe mwanga kidogo, umemaliza na hujatumia umeme.

Umbali nao. Watu wanalaumu pua zao bure! Kutoka ncha ya pua hadi sikio tuseme ni sentimita 12. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka puani, sikio liko 42, tofauti kubwa hiyo, lazima pua itangulie kwenye picha na masikio yakimbie nyuma. Rudi mita mbili, ni 200 kwa 212, pua inarudi kwenye heshima yake. Lenzi ya milimita 85 inayosifiwa kwa sura za watu, sehemu kubwa ya siri yake ni kwamba inavuta sura karibu, kwa hiyo inakulazimisha urudi nyuma.

Fokasi iende kwenye jicho lililo karibu na kamera. Mikono ipewe kazi. Nguo yenye maandishi makubwa iache nyumbani.

Wala msidhani ni Karsh peke yake. Kuna mpiga picha Mmarekani Richard Avedon na ile picha yake ya 1981 ya mfugaji nyuki aliyejaa nyuki kifuani, kila mtu anasema jamani wakati gani huo alinasa! Hakunasa kitu. Alitoa tangazo kwenye jarida la wafuga nyuki kutafuta mtu wa kukubali, na mtaalamu wa wadudu akampaka jamaa harufu ya malkia ili nyuki wamfuate. Na mpiga picha Seydou Keïta kule Bamako, Mali, alikuwa anampiga mteja picha moja tu, filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo shuka la nyuma, mkao wa kiupande, saa mkononi, vyote vinakaa sawa kwanza ndipo abonyeze.

Haya, nikubali na la hao watu wa thubutu kidogo, kwa shingo upande. Baada ya ile picha Churchill alilegea akatabasamu, akaruhusu na ya pili, na Karsh akaipiga. Chumba kile kile, taa zile zile. Ni picha nzuri, lakini iliyokwenda kwenye noti ya pauni 5 ni ile ya hasira. Kwa hiyo ndiyo, uso una lake, na hakuna taa ya kuwasha hasira.

Ila wewe unayesema bonyeza tu utaediti, programu itafuta chunusi na kung'arisha meno, lakini kivuli kilichokaa vibaya usoni kina ukaidi wake. Ukija ukanikuta nasukuma stendi ya taa mbele na nyuma na kamera bado iko kwenye begi, usiniulize tunaanza saa ngapi. Kaa hapo kwenye kiti nione kivuli cha pua yako kinaangukia wapi.