Mtoto wa Desemba na kidonge cha Ritalin

Ukigusia tu ile miaka ya tisini kule Marekani na Canada, watoto walivyokuwa wakipewa kwa wingi Ritalin, dawa ya ADHD (ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuwa makini), watu wanagawanyika papo hapo. Huku wanakwambia ADHD ni ugonjwa wa kutunga, kampuni za dawa zilikuwa zinatafuta soko. Kule wanakwambia ni hali ya kweli ya ubongo, na ukihoji ujue hujawahi kulea mtoto wa namna hiyo. Kuna watu wa tatu wanaopigwa mawe na pande zote, wale wanaosema hali ipo kabisa ila watoto wengi waliobandikwa jina lile hawakuwa nayo. Hao wakifungua mdomo tu wanaitwa wabishi wa sayansi, na mi naona wanaonewa.

Chukua British Columbia, jimbo la Canada. Kule mwaka wa kuingia shule unakatwa tarehe 31 Desemba, kwa hiyo aliyezaliwa Desemba anakaa dawati moja na aliyezaliwa Januari ya mwaka huohuo, ambaye amemzidi karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 6 mwaka mmoja sio mchezo, ni sehemu ya sita ya maisha yake yote. Watafiti wakapitia rekodi za watoto zaidi ya 937,000 waliokuwa na umri wa miaka 6 hadi 12 kati ya 1997 na 2008. Wavulana wa Desemba walikuwa na uwezekano wa 30% zaidi wa kuambiwa wana ADHD kuliko wale wa Januari. Wasichana 70% zaidi. Ukija kwenye dawa zenyewe pengo linazidi kupanuka, 41% kwa wavulana na 77% kwa wasichana.

Hebu tulia hapo kidogo. Ni ugonjwa gani wa ubongo unaojua tarehe ya kuandikisha wanafunzi? Na sio kwamba Desemba ina baridi au mama zao walikula kitu fulani, maana Marekani kwenye majimbo yanayokata tarehe 1 Septemba wanaopata jina hilo zaidi ni wa Agosti, wanawazidi wa Septemba kwa kama 34%, na majimbo yasiyokata tarehe hiyo pengo la Agosti na Septemba halionekani. Yaani mwezi wenye "ugonjwa" unahama kufuata kalenda ya shule. Todd Elder, mchumi wa chuo kikuu cha Michigan State, mwaka 2010 alikadiria kwamba watoto karibu milioni moja Marekani huenda walipewa jina hilo kimakosa, kisa tu wao ndo wadogo darasani.

Kuna swali la haki hapa, nisiliruke: huenda wa Desemba walipewa jina hilo kihalali ila wa Januari ndo wanaosahauliwa, kwa sababu ukubwa wao unaficha shida. Inawezekana, tena kwa baadhi yao naamini ndivyo ilivyokuwa. Ila hata ukilikubali hilo bado kipimo kilichotumika ni mtoto wa dawati la jirani. Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 1994, kilisema wazi kwamba dalili zilinganishwe na kiwango cha ukuaji wa mtoto, na madhara yake yaonekane sehemu zaidi ya moja, sio shuleni peke yake. Lakini ukisoma dalili zenyewe, hatulii kwenye kiti, anajibu swali halijaisha, hawezi kusubiri zamu yake... jamani huyo si mtoto yeyote wa miaka 6? Mwalimu ana darasa zima mbele yake, yeye hapimi ukuaji, anaona nani anamsumbua. Na hakuna kipimo cha damu cha kumsahihisha, daktari anategemea sana maelezo ya huyohuyo mwalimu na ya mzazi.

Halafu kulikuwa na hoja moja iliyowanasa wazazi wengi: kapewa kidonge katulia, basi alikuwa mgonjwa kweli. Imani hiyo ni ya zamani, tangu 1937 daktari Charles Bradley alipowapa Benzedrine, dawa ya kuchangamsha ya jamii ya amfetamini, watoto wenye matatizo ya tabia kule Rhode Island, Marekani, na baadhi wakaanza kusoma vizuri ajabu. Ila mwaka 1978 daktari wa akili Judith Rapoport na wenzake waliwapa wavulana wasio na tatizo lolote dawa ya jamii hiyohiyo, na hao nao wakapunguza kuhangaika na wakawa makini zaidi. Kwa hiyo kutulia hakuthibitishi chochote, ni kama kusema aliyechangamka baada ya kahawa alikuwa na ugonjwa wa kukosa kahawa.

Upande wa pili, wanaotetea dawa, una mambo yake na sio madogo. Mtoto mwenye ADHD ya kweli akiachwa hivihivi anaumia, anafeli, anaitwa mtundu na mjinga mpaka anaamini mwenyewe, na wasichana wa kimya wanaoduwaa dirishani walipitwa miaka na miaka. Na ule utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1999, watoto 579 wakifuatiliwa miezi 14, ulionyesha dawa ikisimamiwa vizuri inapunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Hilo silibishi, ingawa walipoangaliwa tena ilipotimia miaka mitatu, faida ile ilikuwa imeyeyuka.

Ila kwenye utafiti huohuo kuna kundi ambalo wanaoutaja kutetea dawa huwa wanalipita. Ni wale walioachiwa wakatibiwe kawaida tu, kwa madaktari wa mtaani kwao. Karibu theluthi mbili yao nao walikuwa wanameza dawa, na bado hali zao zilikuwa nyuma ya wale waliosimamiwa na watafiti. Waliosimamiwa walikuwa wanaonwa na daktari kila mwezi, nusu saa nzima, dozi inapimwa na kurekebishwa, mwalimu anapigiwa simu. Sasa watoto wengi sana waliokula Ritalin miaka ile walikuwa kwenye kundi lile la mtaani, na wa Desemba wakiwemo humohumo.