Kigari cha Bati Kinavyomtoa Jasho Mtu Mzima

Jamani, nani aliyewaambia watu kwamba kugeuza kigari cha bati kuwa gari la rimoti la kukwea mawe ni kazi ya wikendi moja? Ajitokeze, tuna maswali. Huko Marekani watu huanika vikorokoro vya kuuza mbele ya gereji Jumamosi asubuhi, na kigari kimekaa pale katikati ya sufuria kuukuu na taa isiyo na kofia, kimekunja uso kwa kutu. Mtu anakipitia mara moja, anarudi, anakishika, anafanya hesabu ileile ya kijinga: bodi ninayo, nitie mota, nitie betri, kikwee mawe. Bei yenyewe haifiki ya chipsi kuku za watu wawili. Hicho ni kiingilio tu, ndugu yangu. Ndani kuna milango mingine, na kila mlango una mlinzi anayedai chake.

Kigari chenyewe msikisingizie, hakikuomba. Tonka, kampuni iliyokiunda, wamezaliwa Mound, jimbo la Minnesota, kando ya Ziwa Minnetonka. Mwaka 1946 walijiita Mound Metalcraft na nia yao ilikuwa zana za bustani. Vichezeo vikauzika kuliko zana, na mwaka 1955 wakajiita Tonka, neno la Kidakota lenye maana ya kubwa. Mwaka 2001 vigari vyao vikaingizwa kwenye jumba la heshima la vichezeo la Marekani. Ndicho unachotaka kukitia msumeno wewe.

Kwa hiyo chagua vizuri cha kukata. Kikiwa na rangi yake ya kiwandani, vioo vyake na kapu zake za magurudumu (vile vifuniko vya katikati), tena na boksi, hicho ni mali: muuzie mtu wa kukusanya, ununue viwili vilivyooza. Kilichooza hakina wa kukililia. Na lile tipa la manjano la Mighty, la kuanzia katikati ya miaka ya sitini, liache kwanza. Ni zuri, ni maarufu, na ni zito kama deni la duka la Mangi. Anza na pikapu ya miaka ya hamsini mwishoni au sitini.

Kabla hujapiga msasa hata mara moja, simama. Rangi ya zamani ile inaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku kuitia kwenye vichezeo mwaka 1978, na kigari chako kilizaliwa kabla. Kuna mabingwa wanakaa sebuleni na grinda, vumbi jekundu linatua kwenye ugali, halafu wanashangaa mama watoto kununa. Usipige msasa mkavu. Paka dawa ya kuondoa rangi, ile ya jeli, iache ivimbe, ikwangue ikiwa imelowa, uchafu wote uingie kwenye mfuko wa kufunga. Glavu, barakoa ya vumbi la sumu na siyo kile kitambaa cha uso, na watoto wawe mbali. Ndiyo, watoto wawe mbali na gari la watoto. Nami naona linavyochekesha.

Kutu nayo ina lugha yake. Unga wa asidi ya limau, gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, zamisha bati, angalia kila baada ya saa moja au mbili. Usiliache humo ukaenda harusini. Asidi ikimaliza kutu haiagi, inaanza kula chuma. Likitoka, lisuuze kwa maji yenye baking soda, likaushe kwa ile mashine ya nywele unayoijua wewe iko kabati gani, na upake praima siku hiyohiyo. Ukilala tu, asubuhi bati lina kutu changa ya rangi ya chungwa kana kwamba hukufanya kitu.

Kufungua kigari chenyewe? Hakina skrubu. Wazee wa Minnesota walitumia ndimi za bati: ulimi unapita kwenye tundu, unakunjwa, basi. Ulimi huo umekunjwa mara moja kiwandani. Wewe unaukunjua, hiyo ya pili. Ya tatu unabaki nao mkononi kama jino la utotoni. Usibembeleze, toboa tundu la milimita 3 pembeni na funga kwa bolti za M3, yaani za unene huohuo. Ekseli za zamani zimegongewa kofia mwishoni, hazitoki kwa koleo wala kwa dua. Kata kwa diski nyembamba, na vaa miwani, maana kofia ikikatika inaruka.

Haya, sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe. Uzito.

Bodi za kawaida za magari ya kukwea ni plastiki nyembamba, gramu mia mbili hivi, unaweza kuipeperusha kwa kupiga chafya. Gari zima linalouzwa tayari la ukubwa wa moja kwa kumi ya gari halisi lina kilo mbili na ushee. Sasa chukua kabini na kitanda (sehemu ya nyuma ya mizigo) cha pikapu ya bati, weka kwenye mizani ya jikoni, tazama. Bati la unene wa karibu milimita 0.9 halina mzaha, mshale unapita kilo moja bila kupumua. Na kilo hiyo haikai chini kama mgeni mwenye adabu, inakaa juu, kwenye paa, mahali pabaya kuliko pote. Gari lako sasa ni mtu aliyebeba gunia la mkaa kichwani, na wewe unamwambia apande ukuta.

Kila shida utakayopata mbele ni mtoto wa uzito huu, hata ikija imevaa jina jingine.

Fanya hesabu ya ekseli kwanza. Chesisi, yaani fremu ya chini utakayoivika bati lako, zinazouzwa sana zina urefu wa milimita 313 kati ya tairi la mbele na la nyuma. Kigari chako ni kifupi kuliko hapo. Watu wanaiweka bodi juu ya chesisi ndefu hivyohivyo, matairi ya nyuma yanatokea nyuma ya kitanda kama miguu ya mtoto aliyelalia kitanda cha mdogo wake. Pima kigari kati ya vitovu vya magurudumu, ndipo ukate reli za chesisi na ufupishe vyuma vya kuunganisha ekseli. Vile vya chini ndivyo vinavyoamua urefu wa gari. Vya juu vinaamua pua ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inaangalia wapi. Ukifupisha vya chini ukasahau vya juu, propela shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye ekseli, inapinda vibaya, kiungo chake kinakwama kila mzunguko, na gari linatetemeka kama cherehani. Halafu mtu ananunua mota mpya. Mota ilifanya nini?

Kwenye upana usijihangaishe sana. Ekseli za kisasa ni pana kuliko kigari, matairi yatatokeza nje. Na yatokeze, upana ndio unaolizuia kubiringika. Ila ringi za inchi 1.9 na matairi yake ya milimita 110 na zaidi yanakifanya kigari kionekane kimeazima viatu vya baba. Ringi za inchi 1.55, matairi ya milimita 90 hadi 100, zinakaa kiungwana.

Mtu akishafika hapo anachukua msumeno, anakata matao ya magurudumu kwa macho. Haya ndiyo yanayofanya watu wazima wazungumze peke yao. Ondoa springi kwenye shokapu, funga shokapu tupu, bonyeza bodi hadi chini kabisa, kisha zungusha stelingi hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia. Tairi linapogusa ndipo pa kuchora. Kata milimita 3 zaidi ya mstari, piga tupa, kisha vika ukingo mpira: bomba dogo la mafuta lililopasuliwa kwa urefu linatosha. Ukingo wa bati uliokatwa ni wembe. Ukiuacha wazi utakata tairi, utakata waya, na mwisho utakata kidole kilekile ulichokuwa unanyooshea wenzako.

Mota sasa. Zile za brashi za ukubwa wa 540 zinauzwa kwa idadi ya mizunguko ya waya. Mizunguko 35 inakimbia kiasi. 55 inatambaa polepole, haina haraka, kama karani siku ya Ijumaa. Kwa mzigo wa bati chukua 55 pamoja na betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli tatu, volti 11.1. Ukibaki na 35, basi pinioni, ile gia ya kwenye mota, iwe ndogo, meno 11 hadi 13. Nafasi kati ya pinioni na gia kubwa ipime kwa karatasi ya daftari: pitisha kipande katikati, bana, funga skrubu, itoe. Karatasi itoke na mikunjo, isitoke imechanika. Bolti zinazoingia chuma kwa chuma zipake gundi ya nati ya bluu, tone moja. Kwenye plastiki usiitie kabisa, inaipasua.

Kidhibiti mwendo kiwe na breki ya kujishika ukiachia mafuta, iweke asilimia mia, la sivyo gari zito linarudi nyuma mlimani kama daladala bovu la Kimara. Vingi vina kijumpa, kiplagi kidogo cha kuhamisha, cha kuchagua aina ya betri. Kijumpa kikikaa upande usio wa lipo, kidhibiti hakikati umeme kwa wakati unapopungua. Seli zinashuka chini ya volti 3, betri inavimba kama andazi, na andazi hilo halirudi kuwa unga. Chaji kwa kiwango cha betri yenyewe, ampea 5 kwa betri ya mAh 5000 (ampea 5 kwa saa moja), ukiwa upo macho. Ukiliweka gari kabatini, kila seli ibaki na volti 3.8.

Kisa kingine ni sevo ya stelingi, ile mota ndogo inayogeuza matairi. Kwa kuwa pua ni nzito, watu wananunua sevo ya nguvu ya kilo 25, gia za chuma, wanaichomeka kwenye risiva, yaani kipokezi cha rimoti, na kujisifu. Umeme wa sevo unatoka kwenye kidhibiti mwendo, ambacho vingi vyake vinatoa ampea 2 au 3 tu. Tairi likibanwa na jiwe, sevo inavuta zaidi ya hapo, volti zinaanguka, risiva inazima na kuwaka upya. Gari linasimama katikati ya mlima kama mbuzi aliyegoma, linafikiri, linaendelea. Mwenyewe anafungua rimoti anabadilisha betri, mara tatu. Rimoti ni nzima, baba! Weka kigawa umeme cha pembeni cha volti 6, ampea 10, kiilishe sevo peke yake, na waya hasi uunganishwe na wa risiva.

Na bati lina chuki moja ya mwisho: linakula mawimbi. Risiva ikifungiwa ndani ya kabini la chuma, kwenye meza kila kitu safi, hatua ishirini mbele gari halikujui. Kwenye waya wa antena ya gigahezi 2.4, kinachosikia ni ile ncha ya mwisho tu, milimita 31 hivi iliyovuliwa ganda. Uliobaki ni njia. Ncha hiyo itoke nje ya bati. Toboa tundu nyuma ya kabini, vika mpira mdogo wa tundu ili kingo zisichune waya, simamisha ncha ndani ya kibomba cha plastiki. Usiikate kwa sababu ni ndefu, na usiikunje ikakaa imelala juu ya mota. Watoto wa kwetu wanaounda magari ya waya, matairi ya ndala zilizokatika, usukani wa fimbo ndefu unaofika kifuani, hawajawahi kupoteza mawimbi hata siku moja. Nalisema tu.

Baada ya yote hayo unarudi kulekule kwenye gunia la mkaa. Dawa yake ni kuongeza uzito. Ndiyo, kuongeza, usinikodolee macho: vipande vya brasi kwenye vikombe vya ekseli na pete za brasi ndani ya ringi, vikae chini kuliko chesisi, zaidi mbele. Betri ilale chini mbele, siyo kitandani mwa pikapu ambako inapendeza kwenye picha. Weka matairi ya mbele juu ya mizani, ya nyuma juu ya vitabu vya kimo kilekile; mbele ikibeba asilimia 55 hadi 60 ya uzito wote, umekaribia. Kisha lisimamishe gari juu ya ubao, ubavu wake ukielekea upande utakaoinua, inua ubao taratibu, simu ikusomee nyuzi. Matairi ya juu yakinyanyuka kabla ya nyuzi 35, wewe si dereva, wewe ni mwokotaji. Ukifika 45 na bati kichwani, tembea kifua mbele.

Zile kapu za magurudumu za zamani, zinazong'aa, ambazo ndizo zilizokufanya ukipende kigari, watu huzibandika kwenye ringi mpya kwa silikoni. Silikoni isiyolala usiku mzima haishiki. Kwa hiyo ukipita kando ya mlima wowote wenye mawe na majani, ukimwona mtu mzima kapiga magoti, rimoti kaiweka begani, anapapasa nyasi, usimuulize amepoteza pete. Kapu ziko nne, na anayo tatu.